Uchapishaji wa Tishu Hai: Umbali Kati ya Tone la Seli na Figo ya Kupandikizwa

Mara kwa mara vyombo vya habari duniani hutangaza kuwa wanasayansi wamefanikiwa "kuchapisha" ngozi, sikio au kipande cha ini kwa mashine inayofanana na printa ya ofisini. Habari hizo hupokelewa kwa matumaini makubwa na familia zenye mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, au mtoto aliyeungua kwa maji ya moto. Swali linalofuata huwa moja: je, huduma hiyo itafika hospitalini lini?

Jibu la swali hilo halipatikani katika picha za mashine wala katika ahadi za watengenezaji wake. Linapatikana katika jambo dogo ambalo ni nadra kuandikwa magazetini, nalo ni namna seli moja iliyo hai inavyotoka kwenye tundu jembamba la printa na kutua mahali ilipokusudiwa. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, sehemu kubwa ya kazi ya watafiti wa njia hii imekuwa kulifanya tone moja liwe la kutegemewa. Mwananchi anayelielewa tone hilo anaweza kupima mwenyewe uzito wa kila tangazo linalomfikia.

Wazo lililozaliwa kwenye printa ya kawaida

Mwaka 1988, mtafiti Robert Klebe wa Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani alitumia printa ya wino ya Hewlett-Packard kupanga protini iitwayo fibronektini juu ya bapa, kwa michoro aliyoitaka. Protini hiyo huzisaidia seli kushika mahali. Seli zilipomiminwa juu ya bapa, zilijipanga kwa kufuata mchoro. Klebe hakurusha seli zenyewe, lakini alionesha kuwa printa inaweza kuamua seli zikae wapi.

Hatua ya kurusha seli hai ilifuata miaka 15 baadaye. Mwaka 2003, Thomas Boland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson, katika jimbo la South Carolina, walichapisha matokeo ya printa za kawaida walizozifanyia marekebisho ili zirushe protini na seli badala ya wino. Hataza ya njia hiyo ilitolewa nchini Marekani mwaka 2006. Nchini Japani, Makoto Nakamura, ambaye alianza kazi yake akiwa daktari wa watoto, alifuata njia hiyohiyo baada ya kutambua kuwa matone ya printa ya wino yanakaribiana kwa ukubwa na seli za binadamu.

Printa za aina hii hurusha matone kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya joto. Kipasha joto kidogo ndani ya kichwa cha printa hupata moto kwa mikrosekunde chache, kiputo cha mvuke hufumka, na shinikizo lake husukuma tone nje. Njia ya pili ni ya fuwele ya piezo, ambayo hubadili umbo lake inapopitishiwa umeme na hivyo kukibana chumba cha kimiminika hadi tone litoke. Kila tone huwa na ujazo wa kati ya pikolita 1 na 100. Pikolita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mililita. Tundu lenyewe huwa na upana wa makumi machache ya mikromita, ilhali seli ya binadamu huwa na kipenyo cha mikromita 10 hadi 30. Kwa hiyo, seli hupita kwenye tundu ambalo halijaizidi sana kwa ukubwa.

Hofu ya kwanza ilikuwa joto

Wengi walipoisikia njia ya joto kwa mara ya kwanza waliamini kuwa seli zingeungua. Kipasha joto hicho hufikia nyuzi joto 200 hadi 300 za Selisiasi, na hakuna seli ya mnyama inayoweza kuhimili kiwango hicho. Majaribio yalionesha picha tofauti. Muda wa kupashwa joto ni mfupi mno, hivyo kimiminika chote hupanda kwa nyuzi chache tu. Mwaka 2005, kundi la Boland liliripoti kuwa chini ya asilimia 8 ya seli walizorusha, ambazo zilitokana na panya aina ya hamsta wa China, ziliharibika. Utafiti wa mwaka 2010 uliomhusisha pia Boland ulipata wastani wa asilimia 89 ya seli zilizobaki hai. Utafiti huo ulibaini pia kuwa utando wa baadhi ya seli hufunguka vitundu vidogo wakati wa kurushwa, na kwamba vitundu hivyo hujifunga vyenyewe baada ya saa chache.

Kwa upande wa njia ya piezo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza walirusha seli za fibroblasti za binadamu na kuripoti mwaka 2008 kuwa nguvu ya umeme ilipoongezwa, seli zilizobaki hai zilipungua kutoka asilimia 98 hadi 94 tu.

Matokeo hayo yalibadili mwelekeo wa mjadala. Ilibainika kuwa seli nyingi huishi baada ya kurushwa. Changamoto ikahamia kwenye maswali mawili magumu zaidi: ni seli ngapi zilizomo katika kila tone, na je, tone la elfu kumi litafanana na tone la kwanza?

Seli huzama kama unga katika uji

Anayepika uji wa ulezi anajua kuwa usipokorogwa, unga hutuama chini ya sufuria. Kikombe cha kwanza huwa chepesi na cha mwisho huwa kizito. Jambo hilohilo hutokea ndani ya chombo cha printa ya seli, ila kwa kuwa tundu lipo upande wa chini, mpangilio hugeuka. Seli ni nzito kidogo kuliko kimiminika kinachozibeba. Baada ya dakika kadhaa huanza kuzama, kushikamana na kurundikana karibu na tundu. Matone ya mwanzo hujaa seli kupita kiasi, yanayofuata huwa na upungufu, na hatimaye tundu huziba. Wino wa karatasi hauna tatizo la namna hii kwa sababu chembe zake za rangi ni ndogo mno kuliko seli.

Mchango muhimu katika kulitatua tatizo hilo ulitoka katika Chuo Kikuu cha British Columbia, jijini Vancouver nchini Kanada, katika maabara ya Karen Cheung. Mwaka 2010, watafiti wa maabara hiyo walionesha kuwa kukikoroga chombo cha seli kwa upole hupunguza kuzama, na kwamba kuongeza kiasi kidogo cha dutu inayofanya kazi kama sabuni, lakini isiyodhuru seli, hufanya matone ya seli za ini yatoke kwa utaratibu zaidi.

Mwaka 2012 walikwenda hatua moja mbele. Badala ya kupambana na kuzama kwa kukoroga, walikifanya kimiminika chenyewe kiwe na densiti sawa na ya seli. Mkulima wa mpunga anayechagua mbegu kwa maji ya chumvi anaifahamu kanuni hii. Yai bichi huzama katika maji matupu, lakini chumvi ikiongezwa kidogo kidogo, hufika mahali yai likaelea katikati, halizami wala halipandi juu. Chumvi nyingi ingeua seli, hivyo watafiti hao walitumia Ficoll, polima inayotokana na sukari ambayo maabara za tiba zimekuwa zikiitumia kwa miaka mingi kutenganisha seli za damu. Kwa kutumia seli za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara, walibaini mambo matatu: idadi ya seli katika matone ilikaribiana zaidi kila waliporudia jaribio, tundu liliacha kuziba, na uhai wa seli haukuathirika.

Mafanikio hayo hayakuhitaji printa mpya. Yalitokana na kubadili kimiminika. Katika fani ambayo matangazo yake hutawaliwa na picha za mashine, ushahidi unaonesha kuwa maendeleo mengi ya kweli yametokea ndani ya chupa ya "wino".

Hesabu ya bahati ndani ya tone

Hata seli zikitawanyika sawasawa katika kimiminika, hazijipangi foleni zikisubiri kutoka moja moja. Kanuni za hesabu zinaonesha kuwa kimiminika kikiandaliwa ili kila tone libebe wastani wa seli moja, basi katika matone 100, takriban 37 hayatakuwa na seli hata moja, 37 yatakuwa na seli moja, na 26 yaliyobaki yatakuwa na seli mbili au zaidi. Printa haina kasoro yoyote hapo. Hiyo ni tabia ya mambo yanayotokea kwa bahati.

Tabia nyingine ilijulikana pale watafiti wa Vancouver walipotumia kamera ya kasi kubwa kutazama ndani ya tundu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016, walieleza kuwa seli iliyo karibu na tundu inaweza kufanya mojawapo ya mambo matatu tone linaporushwa: kusogea kuelekea tundu, kutoka pamoja na tone, au kurudishwa nyuma, mbali na tundu. Hilo la tatu ndilo linaloharibu hesabu, kwa sababu seli iliyokuwa tayari kutoka husukumwa ndani huku tone likitoka tupu. Dawa yake, kwa mara nyingine, ilipatikana katika kimiminika: mnato ukiongezwa kiasi, seli huacha kurudi nyuma.

Njia nyingine inayotumika ni ya kamera inayotazama tundu na kompyuta inayoamua, kabla ya kila tone, iwapo kuna seli moja inayofaa. Matone yasiyotakiwa huondolewa. Usahihi hupanda sana, lakini kasi hushuka, na kasi ndiyo iliyokuwa sifa kuu ya printa ya matone.

Baada ya tone kutua

Kazi haiishi tone likishatua. Tone la pikolita chache hukauka kwa sekunde tu, na seli iliyomo hufa kwa kukosa maji na kwa kuzidiwa na chumvi inayobaki. Nakamura na wenzake nchini Japani walitafuta njia ya kulikwepa tatizo hilo kwa kuchanganya seli na alginati, dutu itokanayo na mwani, na kuzirushia ndani ya myeyusho wa kloridi ya kalsiamu. Tone likigusa myeyusho huo hugeuka mara moja kuwa punje laini ya jeli. Jeli huishika seli mahali pake, huitunza na unyevu, na hupunguza mshtuko wa kutua.

Kinachofuata ni unene. Seli nyingi za mwili haziwezi kuishi zikiwa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya mikromita 100 hadi 200, kwa kuwa oksijeni haifiki. Umbali huo unalingana takriban na unene wa karatasi moja au mbili za kuandikia. Tishu yoyote nene kuliko hapo inahitaji mishipa yake yenyewe, iliyo wazi na inayopitisha damu tangu siku ya kwanza. Uwezo huo haujafikiwa kwa kiungo kizima chenye ukubwa wa figo ya mtu mzima.

Hesabu rahisi inaonesha pia ukubwa wa kazi iliyobaki. Kwa matone ya pikolita 50, mililita moja ni sawa na matone milioni 20. Tundu moja linalorusha matone 10,000 kwa sekunde litahitaji zaidi ya nusu saa kumaliza mililita hiyo moja. Figo ya mtu mzima ina ujazo wa takriban mililita 150, hivyo tundu hilo lingefanya kazi kwa zaidi ya siku tatu mfululizo. Matundu mengi yakitumika kwa pamoja muda hupungua, lakini tatizo la wingi wa seli hubaki palepale. Ili tundu lisizibe, kimiminika huwekewa seli chache, kwa kawaida milioni moja hadi milioni chache kwa mililita. Kwa kiwango cha milioni moja, ni takriban tone moja kati ya 20 litakalobeba seli. Tishu halisi ya mwili ina seli zaidi ya milioni 100 katika ujazo huohuo.

Kwa sababu hiyo, watafiti wengi wanaolenga tishu nene hutumia njia nyingine, ya kukamua jeli nzito yenye seli nyingi kama mpambaji wa keki anavyokamua krimu. Njia hiyo huweka seli nyingi kwa mara moja, lakini haina usahihi wa tone. Kila njia ina faida na gharama yake, na si ajabu mashine za baadaye zikachanganya zote mbili.

Kilicho karibu na kilicho mbali

Kutokana na hali hiyo, matumizi yaliyo karibu zaidi na mgonjwa ni yale yanayohitaji tabaka jembamba. La kwanza ni ngozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha ya moto husababisha vifo 180,000 kila mwaka, vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu theluthi mbili yake zikiwa katika kanda zake za Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia. Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Wake Forest, jimbo la North Carolina nchini Marekani, waliripoti kuwa mashine yao ya kuweka seli za ngozi moja kwa moja juu ya kidonda iliharakisha uponaji kwa panya na nguruwe. Mwaka 2025, mamlaka za afya za jimbo la New South Wales nchini Australia zilitangaza kuanza kwa majaribio ya teknolojia ya aina hiyo kwa wagonjwa katika Hospitali ya Concord, jijini Sydney. Majaribio ya aina hiyo hulenga kwanza kupima usalama.

La pili ni upimaji wa dawa. Vipande vidogo vya tishu ya ini au ya uvimbe wa saratani, vilivyopangwa kwa idadi ileile ya seli katika kila kishimo cha bapa la maabara, huwezesha dawa nyingi kujaribiwa kwa pamoja. Hapa ndipo usahihi wa tone unapokuwa na thamani kubwa kuliko unene. Mwishoni mwa mwaka 2022, Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa sharti la lazima la kujaribu kila dawa mpya kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa binadamu, na kufungua mlango kwa mbinu zinazotumia seli. Dawa iliyopimwa kwa njia hiyo inaweza kumfikia mgonjwa miaka mingi kabla ya kiungo cha kuchapishwa.

Kilicho mbali ni figo, moyo na ini zima. Hadi sasa hakuna mgonjwa anayeishi kwa figo iliyochapishwa. Hata Marekani, yenye maabara nyingi za fani hii, zaidi ya watu 100,000 bado wamo katika orodha ya kusubiri viungo kutoka kwa watu wengine.

Maana yake kwa mwananchi

Kwa Tanzania, suala hili linagusa huduma ambazo tayari zipo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India. Figo hizo hutolewa na ndugu wa mgonjwa aliye hai na aliyekubali kwa hiari. Familia inayoahirisha mazungumzo ya kumtafuta ndugu wa kuchangia figo, kwa matumaini kuwa figo ya kuchapishwa iko njiani, inaweza kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Aidha, tiba yoyote mpya inayotumia seli hai haiwezi kutolewa kwa mgonjwa kwa sababu tu imetangazwa. Majaribio ya tiba kwa binadamu nchini yanahitaji kibali cha maadili kinachoratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), pamoja na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mtu au kituo kinachodai kutoa tiba ya seli bila vibali hivyo, na hasa kinachodai malipo kabla, kinastahili kutiliwa shaka na kuripotiwa.

Yapo maswali matano yanayoweza kumsaidia mwananchi anaposoma tangazo la tishu iliyochapishwa. Je, ni asilimia ngapi ya seli zilibaki hai, na zilipimwa baada ya saa ngapi au siku ngapi? Je, idadi ya seli ilikuwa sawa kutoka tone la kwanza hadi la mwisho? Je, tishu ina unene gani, na damu inaifikiaje? Je, jaribio lilifanyika ndani ya chombo cha maabara, kwa mnyama au kwa binadamu? Na je, ni mamlaka gani iliyoruhusu?

Tangazo linalojibu maswali hayo kwa takwimu linastahili kufuatiliwa, hata kama mafanikio yake yanaonekana madogo. Seli iliyoacha kuzama katika chupa ya maabara ya Vancouver haikutikisa vichwa vya habari, lakini ngozi au kipande cha ini kinachojengwa kwa matone hakiwezi kukamilika bila tone la aina hiyo. Hadi viungo hivyo vitakapopatikana, mgonjwa wa figo anashauriwa kuendelea na usafishaji wa damu kwa ratiba aliyopangiwa, na familia yake kuzungumza na daktari kuhusu upandikizaji unaofanyika sasa katika hospitali za nchini.